Mashati Mawili Yaliyombeba Debora

Bwana asifiwe, wapendwa! Uhai wa binti yangu uligharimu mashati mawili ya skauti, fito mbili na mabega ya watu wazima wawili. Nimehesabu, nikarudia. Hakuna kilichozidi.

Ndugu zangu, mimi ni Mama Debora, muuza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba. Mume wangu alipofariki nilibaki na Debora tu, na hofu. Nilimkataza michezo, nikamkataza safari. Siku moja Kaka Elisha, fundi wa kuchomelea, na Dada Prisca, mshona nguo, walikuja kumwombea nafasi katika skauti wa kanisa letu la Kibaptisti.

"Nyie mnapata nini?" nikawauliza.

"Filimbi ya shingoni tu, mama," Elisha akajibu.

Nikatafuta hila kwenye jibu lile, sikuiona. Nikamruhusu.

Kambi ya kwanza ilikuwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Busisi. Mchana simu ikalia, ni Prisca: Debora ameumwa na nyoka mguuni akiokota kuni kwenye mawe. Nikapiga kelele soko zima likageuka: "Mchanjeni upesi! Mfungeni kamba, mwekeeni jiwe jeusi linyonye sumu!" Ndivyo tulivyolelewa kwetu. Huko nako wavuvi walishatoa wembe.

Prisca akanijibu taratibu: "Shikamoo mama. Wembe nimeukalia. Hatumchanji, hatumfungi, na hatembei hata hatua moja. Wewe omba, sisi tunabeba."

Yeye na Elisha wakavua mashati ya sare, wakabaki na fulana. Wakayapitisha kwenye fito, ikawa machela. Wakambeba hadi barabarani, wakapata gari la kwenda hospitali Sengerema. Nikapanda basi, nikavuka daraja la ziwani nikiomba kwa sauti, abiria wakiniitikia amina. Nikamkuta ametundikiwa dawa, mguu umevimba kama boga, lakini anaongea! Daktari akaniambia, "Wangemchanja na kumtembeza, tungekuwa na habari nyingine." Ndugu zangu, Mungu aliponya, na mikono aliyoitumia naijua!

Leo kanisa linawatunuku hawa wawili kwa kuwalea vijana wetu, darasani Jumapili na kwenye skauti Jumamosi. Mimi nilianza mapema. Nikawapelekea kuku, wakamrudisha. Nikapeleka dagaa, nao wakarudishwa. Nimefanya biashara na watu wagumu, lakini mtu asiye na bei utamshushaje? Nikawabana waseme wanataka nini.

"Mama, wasichana ni wengi, mimi ni mmoja," Prisca akasema. "Tupe Jumamosi zako."

"Nusu siku."

"Nzima."

"Basi mpaka saa nane."

Elisha akacheka, akanivisha skafu ya skauti shingoni.

Nimekubali, na sirudi nyuma. Wewe uliyemfungia mwanao ndani kwa hofu, mtumaini Bwana, mtoe; watu wa Bwana wapo hapa, wamesimama mbele yako. Ila Jumamosi ndiyo siku dagaa hutoka sana. Wenye akili ya soko, nishaurini: meza yangu nimwachie nani, asiyepunja wateja wala kupunjwa nao?