Nurudini Haidari na Kompyuta ya Kumsenga

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko Kasulu, Kibondo na Makere? Sogeeni karibu na redio. Leo bibi yenu namkumbuka Nurudini Haidari, fundi redio wa Kasulu mjini, aliyetutoka wiki jana, mwaka huu wa 2015. Nitawasimulia kazi yake moja tu, ya mwaka 2013.

Mchungaji Venanti wa Kumsenga alikuwa na kompyuta kuukuu, nzito kama jiwe la kusagia. Kwenye diski zake pana za zamani aliandika majina ya watoto waliovuka kutoka Burundi bila wazazi, na kila mmoja alichukuliwa na nani. Kompyuta mpya hazina hata tundu la kuingizia diski hizo. Na ile kuukuu ikaharibika.

Kezia, mkulima wa Makere, alikuwa akimtafuta mdogo wake, Aline. Miaka ishirini anamtafuta! Mchungaji alikumbuka kuwa jina la Aline limo mle kwenye diski. Akaja dukani na Mchungaji. "Baba, hiyo ikifa, na mdogo wangu amenifia."

Nurudini akaiwasha. Kioo kikajaa herufi zisizosomeka. Chipu moja ya kumbukumbu, kidude cheusi chenye miguu ya chuma, imekufa. Lakini ipi, kati ya kumi na sita?

Kitendawili! Tegeni masikio. Mgonjwa kambeba daktari wake mgongoni. Mmeshindwa? Nipeni mji basi. Ni chipu mbovu, imebebeshwa nzima. Nurudini alikuwa na chipu nzima mbili, alizozing'oa kwenye mashine nyingine. Akawa anaiweka moja juu ya kila chipu, miguu juu ya miguu, anawasha, anazima. Kwenye ya kumi na moja, herufi zikatulia.

Akaing'oa mbovu, akalehemu nzima. Akawasha. Moshi! Kumbe kaigeuza, kichwa kimekaa penye mkia. Ikaungua. Ikabaki moja. Moja tu, wasikilizaji.

Mkewe, Asia, alikuwa kando anachambua maharage. Alinisimulia msibani: "Nikamwambia, we Nurudini, kuku ukimchinja unamwelekeza kibla, hiki kidude unakibandika tu? Akanijibu, haya shehe, njoo uelekeze mwenyewe, macho yangu yamezeeka."

Asia akalitafuta pengo dogo lililo kichwani mwa chipu, akaigeuza pengo lielekee upande uleule na ya chipu nyingine. Mume akalehemu. Ikawaka. Mchungaji akasoma: Aline, kachukuliwa na mama Immakulata, Kasanda. Kezia akaketi chini, palepale kwenye makapi ya maharage.

"Mume wangu akaninong'oneza, usiwaambie ni wewe," Asia alicheka na machozi yanamtoka. "Nikawaambia mtaa mzima."

Siku ya maziko Kezia na Aline walikuja pamoja, wamegawana doti moja ya kanga. Aline akaniambia, "Bibi, uso wake sikuwahi kuuona. Kila msimu nilisema, nikishavuna nitakwenda kumshukuru."

Bi Asia, watoto na wajukuu, poleni sana. Mungu ampumzishe mzee wetu. Nanyi wapendwa, kama kuna mtu mnamtafuta, au kuna asante mmeikalia, ondokeni nayo kesho asubuhi. Nendeni wakati mwenyewe bado anafungua duka.