Simu ya Fundi Haipokelewi

Benchi letu liko katikati ya kinyozi na cherehani. Kinyozi ni mimi. Cherehani ni ya Fundi, na siku zote huwezi kupiga stori hapo bila mashine yake kukudakia maneno. Lakini tangu Fundi ampeleke bintiye kambini, mashine imenyamaza, na kimya chake kinaniudhi kuliko zile kelele. Kambi yenyewe ni ya likizo, ya wasichana watupu, huko juu ziwani. Wanalala kwenye mahema, wanafundishwa kuogelea na kuwasha moto. Mtoto ana miaka kumi na moja na hajawahi kulala nje ya kwao. Asubuhi hiyo Mama Birika alikuwa ameshatumiminia kahawa ya kwanza, Breki ameegesha pikipiki yake mbele yetu, na Waziri amekunja nne. Tunamwita Waziri kwa sababu alifungulia mawaziri geti maisha yake yote, sasa kastaafu na anaongea kama wao. Fundi peke yake alikuwa hatulii. Anakaa, anasimama, anakaa tena. Mimi nilikuwa na mteja ndani, kichwa kimenyolewa upande mmoja, nikamwambia anisubiri kidogo.

— Kaa chini bwana, nikamwambia Fundi. Unatumwagia kahawa.

— Haipokelewi, akasema. Mwanzo ilikuwa inaita tu, haipokelewi. Tangu jana haipatikani kabisa.

— Nini hiyo?

— Simu ya mtoto.

Tukatazamana. Mtaa mzima unajua kambi ile haitaki simu. Mlezi wao mkuu, mama mmoja wa miwani, alisimama mbele ya basi akawaambia wazazi wote: msipige, kimya ni habari njema, likitokea jambo tutawapigia sisi.

— Simu gani tena? akauliza Mama Birika. Si walikatazwa?

Fundi akajifuta jasho kwa ile tepu ya kupimia inayoning'inia shingoni mwake.

— Nilimshonea mto mpya wa kulalia. Ndani nikamwekea kasimu kadogo, kale ka batani. Mlio nimeuzima, kanatetemeka tu. Nikamwambia, usimwambie mama yako, usimwambie mlezi, usiku ukinikumbuka bonyeza hapa konani.

— Umeshona simu ndani ya mto, nikasema.

— Mshono wa ndani kwa ndani. Hauonekani hata kwa miwani.

— Na mtoto alisemaje?

— Hakusema kitu. Aliukumbatia tu.

— Mto mpya wa nini, wakati nyumba imejaa mito? akauliza Breki.

— Huyu tangu mdogo akiumwa, au radi ikipiga, anakuja kunipokonya mto wangu. Ule wa zamani, wenye kiraka. Ananiacha nalalia mkono. Nikaona sasa anakwenda mbali, nimpe wake, asihangaike.

Waziri akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini ujue hotuba inakuja.

— Kikulacho ki nguoni mwako.

— Kinahusu nini hapo? nikamuuliza.

— Kinamhusu yule mama wa miwani. Simu keshaikamata. Sasa hivi anasoma namba zenu zote, anajua nani baba wa nani. Mimi nimekaa getini miaka mingi, mtu wa miwani namjua akiwa bado yuko barabarani.

— Akishajua namba yangu atafanya nini? Fundi akauliza. Mimi nashona suruali.

— Hilo ndilo wanalotaka ufikiri.

Breki akacheka, akasogea mbele. Huyu naye akisogea mbele ni hatari, benchi linainuka upande wetu.

— Waziri, acha siasa. Mimi nasema mto umeanguka ziwani. Wamewapandisha boti, mtoto hataki kuuachia mto wake, wimbi likaja, mto puu, majini. Simu ikatetemeka huko chini mpaka ikachoka. Nani apokee? Samaki hapokei simu.

— Mto umeanguka, Fundi akasema polepole. Na aliyeukumbatia je?

Breki akamtazama, akanitazama mimi, akatazama tairi la pikipiki yake.

— Aliyeukumbatia yuko salama. Mimi nimesema mto tu.

— Mdomo wako huo, Mama Birika akamwambia. Ungekuwa na breki kama jina lako.

Lakini neno lilishatoka. Fundi akasimama, akaenda mpaka kwenye kona, akatazama barabara kama vile basi la kambi lingetokea kwa kutazamwa, akarudi. Nikaona mikono yake inatafuta kazi. Ikashika tepu, ikaikunja, ikaikunjua.

— Naogopa jamani, akasema. Sioni aibu kusema. Naogopa.

Ungedhani watu wazima wangenyamaza hapo. Kijiweni kwetu mtu akisema anaogopa ndipo wanaposogeza kuni.

— Ngoja nikwambie wanachofundishwa kule, Waziri akasema. Kuwasha moto bila kiberiti. Kufunga hema bila msumari. Kuvuka maji bila boti. Wewe jiulize, msichana anayewasha moto bila kiberiti anahitaji baba wa kazi gani? Hiyo si kambi. Ni mpango. Wanachukua watoto wetu wakiwa wanatuita baba, wanaturudishia watu wanaotuita bwana fulani. Ndiyo maana hawataki simu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Chawa wametoka wapi sasa?

— Kambini wapo, akasema. Lakini si hao ninaowasema.

— Na wakiwasha moto bila kiberiti, Breki akadakia, moto ule unawaka usiku kucha, hema ni la nailoni, upepo wa ziwa unavuma...

— Breki, nikamwambia, ukimaliza hiyo sentensi nakunyoa nyusi.

Mama Birika akainama chini ya meza yake, akagonga mguu wa meza kwa kijiko.

— Fundi, njoo uone hapa.

Kwenye mguu wa meza palikuwa na kamba ya katani, imefungwa fundo la mizunguko mitatu, limekaza mpaka limezama kwenye mbao.

— Hili ni fundo la hema. Mwanao alikuja kulifanyia mazoezi hapa, kabla hata hamjamkubalia kwenda. Mwaka mzima anaililia kambi hiyo. Mimi nimejaribu kulifungua nimeshindwa. Na sheria yao unaijua, mtoto akichukuliwa katikati harudi, si likizo hii wala ijayo. Ukimfuata leo, utamleta nyumbani mzima na moyo wake umevunjika.

— Na nisipomfuata?

— Unalala wewe?

— Nakaa kwenye kochi, karibu na soketi, simu yangu iko kwenye chaji. Kitanda sijakigusa tangu aondoke. Mama watoto anadhani mgongo unaniuma.

— Mwambie mkeo habari ya hiyo simu, nikasema.

— Nimwambieje? Na mama yake mzazi amefika jana jioni kututembelea. Tumempa chumba cha mtoto. Niseme mbele ya mama mkwe kwamba nimemfundisha mjukuu wake kudanganya?

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Waziri alikosa methali, kwa hiyo akatoa mbili.

— Haraka haraka haina baraka. Na chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

— Sasa nishike ipi? Fundi akauliza.

— Zote. Ondoka sasa hivi, lakini taratibu.

Basi, Fundi akachukua kufuli. Akafunga mlango wa duka, Breki akaruka kwenye pikipiki, akaiwasha, Fundi akapanda nyuma, moshi ukatuingia kwenye kahawa. Mama Birika akageuka pembeni. Mimi nilitaka kumshika Fundi shati, lakini nilijiuliza, nikimzuia halafu ikawa kweli kuna jambo, nitamtazamaje? Nikabaki nimeshika kikombe. Mteja wangu akachungulia dirishani na kichwa chake cha upande mmoja, akaona hali, akarudi ndani.

Ndipo akatokea mama mmoja mtu mzima ambaye hatujawahi kumwona kijiweni. Anatembea bila haraka, anasoma vibao vya maduka, na kwapani amebana mto mweupe, mpya. Fundi alipomwona akashuka kwenye pikipiki kama aliyeshushwa.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, mkwe wangu. Na nyie wengine hamjambo? Mbona mmekaa kimsibamsiba?

Tukamwamkia sote kwa pamoja. Waziri akakunjua miguu.

— Sikutaka kukufuata kazini, akasema, lakini shingo yangu imekataa. Usiku kucha nimelala juu ya jiwe. Nikasema labda ni pamba ya siku hizi. Asubuhi nikafumua kona hii.

Akafungua kiganja. Kasimu kadogo, ka batani, kamezimika, kana nyuzi za pamba pembeni.

— Nauliza tu kwa kuwa sijui mambo ya mjini. Siku hizi mito inakuja na simu?

Breki akatazama mbali. Waziri akainua kikombe akanywa, na mimi niliona wazi kikombe hakina kitu.

— Nikasema basi nichukue mto wako, mama akaendelea, maana nasikia wewe unalala kwenye kochi. Kitandani haupo. Mwanangu akaniambia utakuwa nao kwenye kochi. Nimeinua mpaka viti, haupo. Akamtazama mkwewe usoni, kwa upole kabisa. Sasa mkwe wangu, ule mto wako wenye kiraka uko wapi?

Waziri, mwenye majibu ya serikali nzima, alikuwa anatazama viatu vyake. Fundi alikatazama kale kasimu kwenye kiganja cha mkwewe, akautazama mto mpya, halafu mkono wake ukapanda wenyewe ukashika shingo nyuma, pale mtu anapolalia. Macho yakamjaa maji na hakuyaficha.

Breki akazima pikipiki.

— Nimeuliza vibaya? mama akasema.

— Hapana mama, Fundi akajibu. Nipe huo. Nitaurekebisha sasa hivi, usiku ulale vizuri.

Akaupokea mto kwa mikono miwili, akafungua kufuli, akaingia ndani. Mama Birika akamkalisha mgeni mahali pa Fundi, akainamisha birika, likatoa matone mawili tu, akamwomba radhi kwamba kahawa imekwisha. Mama akasema si kitu, akawa anautazama mguu wa meza, lile fundo, akaligusa kwa kidole akauliza nani kalifunga. Na ndani cherehani ikaanza. Ikaenda kidogo, ikasimama, kisha ikaenda tena.