Malkia Hakuulizwa

Sogezeni viti karibu, wanangu, na wewe mkubwa zima hiyo simu, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo moja mara mbili.

Jana mlikaa nje ya dirisha langu mkidhani nimelala. Nilisikia. "Lazima mmoja ajitoe amtunze mzee," alisema mkubwa wenu. "Sisi wawili tuna familia. Dada hana mume wala mtoto." Na wewe, kitinda mimba wangu, uliyeitwa kwenda kuongoza maabara uliyoisotea miaka tisa, ukajibu, "Haya, nitabaki na baba," kwa sauti ya marehemu mama yenu. Ndiyo maana nimewaita.

Mnajua nilivyokuwa nikitamba kwa sataranji. Hakuna mgeni aliyeingia nyumba hii nisimpangie upya ile fainali dhidi ya fundi saa, nikamwonyesha nilivyomtoa malkia wangu, kete yenye nguvu kuliko zote, nikamweka mdomoni mwa mfalme wake bila mlinzi. Fundi akamla, na hatua tatu baadaye ngome na farasi wangu wakamfunga mfalme wake. Kwenye daftari langu niliitilia hatua hiyo alama mbili za mshangao, sifa ya hatua bora kabisa. Kwa miaka thelathini nilimwita yule bwana Mlafi, hata mbele ya wateja wake, naye akainamia saa zake. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mwaka huohuo mimi na mama yenu tulipata nafasi za kusoma ng'ambo, kila mtu na yake, nanyi wa kiume mlikuwa bado wachanga. Nilimwambia, mezani, mdomo umejaa, kwamba mchezaji hodari haogopi kumtoa malkia. Alicheka kidogo. "Na malkia mwenyewe huulizwa?" Nilimwomba anisogezee chumvi. Nikaenda mimi. Yeye alihesabu vidonge nyuma ya dirisha la duka la dawa miaka ishirini na sita, kwa miguu iliyovimba, na mimi kila nilipopewa kipaza sauti nilimshukuru kwa kujitoa, kana kwamba si mimi niliyemtoa. Mkuki kwa nguruwe, wanangu.

Mwezi mmoja kabla hajatuacha, nilifungua daftari lile nimchangamshe. Kando ya alama zangu za mshangao nilikuta mwandiko wake wa penseli, mdogo kama ule aliokuwa akiandika juu ya chupa za dawa: "Je, asipomla?" Nilipanga kete juu ya shuka lake. Fundi angesogeza mfalme hatua moja tu kando, shambulio langu lote lingekufa, na malkia angenaswa bure. Na mama yenu alijifunza mchezo huu kwa kuninakilia michezo yangu tu.

"Uliliona lini hili?"

"Wiki ileile."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungebisha mpaka chakula kipoe, baba watoto."

Tulicheka pamoja. Mimi ndiye niliyeshindwa kumaliza kicheko.

Sasa shikeni haya. Nyumba ni yenu watatu, sawa kwa sawa. Asiiguse mmoja bila wawili. Daftari mpelekeeni fundi saa, ukurasa nimeukunja. Msomeeni maneno ya penseli, kisha mniombee radhi kwake kwa lile jina, na akitaka kunitukana mwacheni amalize. Mimi mnipeleke kwenye wodi ya wasiotarajiwa kupona. Fomu nimeshaitia saini. Wauguzi wa pale wamesomea kazi hii, tena mikono yao ni myepesi kuliko yenu. Ninyi wa kiume mtapokezana kuja kunitazama, na msije na nyuso hizo.

Na wewe, mama... gari lako linaondoka saa nne. Ukibaki, sitakushukuru. Sitaki... hapana, maji atanipa kaka yako, wewe kaa. Nikizimika ukiwa njiani, usigeuze. Watanizika hawa, wana nguvu. Uende ukachoke kwa kazi uliyoichagua mwenyewe. Mungu akutangulie... awape na ninyi, wanangu, moyo wa... wa kuuliza kabla ya kupanga.

Mbebeeni dada yenu sanduku. Mmoja anigeuze... polepole... upande wa mlango. Nataka nimwone akitoka.