Hilaria Mayunga, Aliyechomoa Nyaya Mtihani Ukafanyika

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Hilaria Mayunga anahitimisha miaka thelathini na miwili ya utumishi katika umoja wetu wa shule za sekondari za Tarime na Serengeti. Aliingia akiwa mpiga chapa, anatoka akiwa Afisa TEHAMA ambaye karibu kila kompyuta yetu imewahi kupita mikononi mwake. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa ufupi na kwa furaha. Kwa furaha nitajitahidi. Lakini kuna jambo la mwaka jana ambalo kamati ilipendekeza niliruke. Hilo sitaliruka, kwa sababu nikiliruka nitakuwa nimeandika habari za mtu mwingine.

Hilaria alizaliwa Maswa. Baba yake, kama Wasukuma wengi wa wakati ule, alifuata dhahabu Nyamongo, na familia ikahamia Kerende. Dhahabu haikumtajirisha mzee, ila binti alijua Kikurya kabla hajamaliza shule ya msingi. Mpaka leo wazee wa huko wakimsikia akiongea humuuliza ni wa ukoo gani, naye huwajibu kwa Kikurya kilichonyooka kwamba yeye ni Msukuma.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ofisini kwetu Tarime, ilikaa pembeni muda mrefu ikiwa imefunikwa kitambaa cha meza, kila mtu akiogopa kuigusa. Hilaria ndiye aliyeiwasha. Baadaye akatumia likizo zake kusoma Mwanza, akarudi na stashahada, na tangu hapo vyumba vya kompyuta vya shule zetu vikaanza kufunguliwa kimoja baada ya kingine.

Vituko havikukosekana. Wakati mmoja alisafirisha monita mbovu kwa bodaboda akiwa ameifunga mgongoni kwa kanga ili isigongwe. Akina mama waliokuwa sokoni wakamsalimia na kumuuliza mtoto ana umri gani. Akawajibu kwamba anaingia mwaka wa sita na bado anazimika hovyo. Wakampa pole nyingi.

Si mtu wa maneno laini. Chai haiingii chumba cha kompyuta, hata iwe mkononi mwa mkuu wa shule. Wapo waliomwona mkali kupita kiasi. Mwaka jana ukali huo ndio uliotuokoa.

Ilikuja taarifa kwamba mfumo endeshi unaotumika katika kompyuta zetu nyingi utaacha kuhudumiwa na kampuni iliyoutengeneza. Maana yake ni kwamba mfumo huo hautapata tena marekebisho ya usalama, na mashine zitabaki wazi kwa virusi na wezi wa mitandaoni. Kuhamia mfumo mpya lilikuwa jambo la lazima, na Hilaria alikuwa wa kwanza kulisema. Ugomvi ulikuwa juu ya namna ya kuhamia.

Tuliitwa kikao Mugumu. Mratibu wa mradi, ambaye jina lake sitalipamba kwa kuliandika hapa, alitueleza kwamba hakuna haja ya mtu kusafiri. Yeye, akiwa na kompyuta yake mpakato, angesukuma mfumo mpya kupitia mtandao kwenda shule zote kwa mara moja, mwisho wa wiki, na Jumatatu tungeamka na mashine mpya.

“Zote ziko tayari?” Hilaria aliuliza.

“Zote zinaonekana kwenye skrini yangu, mama.”

“Sijauliza kama zinaonekana. Nimeuliza kama zimekaguliwa.”

Mratibu alitabasamu, akasema ukaguzi utatuchelewesha na wafadhili wanasubiri taarifa. Kikao kikafungwa, soda zikagawiwa.

Hilaria hakungoja ruhusa. Alianza kuzunguka shule kwa shule. Kukagua mashine kama iko tayari si uchawi: unaangalia kama diski ina nafasi, kama kumbukumbu, yaani RAM, inatosha, kama prosesa si ya zamani mno kwa mfumo mpya, na kama kazi za wanafunzi zimenakiliwa mahali pengine. Lakini lazima mtu afike, akae, afungue.

Manchira, karibu na bwawa, mashine zilikuwa changa na zote zilifaa. Gorong'a na Kerende hadithi ilikuwa nyingine. Mashine za huko tuliambiwa ni mpya, na kwa nje ziling'aa. Hilaria alipofungua sipiyu ya kwanza alikuta vifaa vilivyochoka ndani ya ganda jipya. Akafungua ya pili, akafungua ya tatu. Mkuu wa shule yetu ya Gorong'a, Mwalimu Rahabu Wangwe, alikuwa amesimama nyuma yake. Anasema Hilaria aliweka bisibisi chini, akatoka nje kutembea kidogo.

Naomba wasomaji wa jarida hili watulie hapo. Kuna mtu aliyetuuzia mitumba iliyopakwa rangi. Na kuna mtu wa upande wetu aliyeipokea na kutia saini bila kufungua hata skrubu moja. Hadi ninapoandika, hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Aliyeulizwa ni Hilaria: aliulizwa kwa nini alifungua.

Alimfuata Mratibu ofisini akamweleza. Mfumo mpya ukilazimishwa kwenye mashine zile utaanza kujipakia, utaishia njiani, na mashine haitakwenda mbele wala kurudi nyuma. Na wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wanakaribia mtihani wa vitendo wa somo la kompyuta. Aliomba shule ambazo hazijawa tayari zisubiri mpaka mtihani upite. Jibu alilopewa, mbele ya karani wetu, lilikuwa hili: “Mama, umebakiza muda mfupi tu. Maliza kwa amani.”

“Amani yangu siyo niliyokuja kuijadili,” Hilaria alisema. “Kuna watoto wana mtihani.”

Tarehe haikubadilishwa. Basi alichukua pikapu ya umoja pamoja na dereva wetu, Mseti, akarudi kwenye kila shule aliyoikuta haijawa tayari, akachomoa nyaya za mtandao kwa mkono wake. Mashine isiyo na waya haiwezi kusukumiwa kitu. Mseti aliogopa, akamuuliza kama hawatafukuzwa wote wawili.

“Wewe, mura, unaendesha gari tu,” alimwambia, akimwita kijana kwa Kikurya. “Anayechomoa ni mimi.”

Shule moja ya upande wa Serengeti, ambayo siitaji kwa sababu mkuu wake ameumia vya kutosha, ilipigiwa simu na ofisi ya mradi siku iliyofuata na kuamriwa irudishe nyaya. Ikarudisha. Mratibu akabonyeza kitufe chake. Manchira mambo yakaenda vizuri, kama Hilaria alivyosema. Katika shule ile ya Serengeti, Jumatatu asubuhi walikuta chumba kizima cha skrini nyeusi. Mtihani ulikuwa wiki hiyo hiyo.

Simu ya Mratibu haikupatikana. Ya Hilaria ilipatikana. Mkuu wa shule ile ananiambia alijiandaa kusimangwa, lakini mama aliuliza mambo mawili tu: watahiniwa ni wangapi, na umeme upo?

Kisha akaenda Gorong'a kwa Mwalimu Rahabu kuomba nusu ya mashine zake. Lilikuwa ombi zito, na Rahabu hakulikubali mara moja.

“Dada, na watoto wangu je?”

“Wa kwako watafanya kwa zamu mbili. Wa kule hawana hata zamu moja.”

“Zikivunjika njiani?”

“Nitakaa nazo nyuma.”

Rahabu alifikiri, akaomba kibali cha zamu mbili kwa wahusika, akakipata. Kisha akatoa blanketi kutoka bwenini. Mashine zikafungwa moja moja, zikapakiwa, na Hilaria Mayunga, mtumishi mwandamizi aliyekaribia kustaafu, alipanda nyuma ya pikapu akakaa katikati ya zile sipiyu, vumbi lote la barabara likimwishia yeye, mpaka Serengeti.

Walipokuwa wakiziunganisha, mtahiniwa mmoja, Neema, alikuwa akilia mlangoni. “Shikamoo mama. Na hizi zitazima?”

“Marahaba. Hizi hakuna mtu anayezigusa kutoka mbali. Kanawe uso, uje ufanye mtihani wako.”

Mtihani ulifanyika katika shule zote mbili. Matokeo yalipotoka, Neema alikuwa amefaulu somo hilo kwa daraja la juu, naye sasa anasubiri kuanza kidato cha tano. Katika miezi iliyofuata Hilaria alizirudisha mashine za Gorong'a, akazifufua zile zilizozimwa na kitufe, akahamisha vipande vya RAM kutoka mashine zisizofaa kwenda zinazofaa, na zenye uwezo akazipandisha kwenye mfumo mpya. Zisizo na uwezo akaziwekea mfumo huria mwepesi, unaotolewa bure na unaoendelea kupata marekebisho. Leo hakuna shule yetu isiyo na chumba cha kompyuta kinachofanya kazi.

Na malipo yake? Taarifa ya mradi ilisema zoezi limekamilika kwa mafanikio makubwa. Mratibu alipandishwa cheo, akahamia mkoa mwingine. Hilaria alipewa na uongozi wetu onyo la maandishi kwa “kuhujumu miundombinu ya mtandao.” Onyo hilo bado limo katika jalada lake. Uongozi huo huo umechangia keki ya kumuaga.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, nimezoea mambo yanayoweza kusahihishwa. Hili linaweza. Kabla ya siku ya sherehe, onyo lifutwe, na lifutwe mbele ya wafanyakazi. Kinyume na hapo, hotuba zetu za kumsifu siku hiyo zitakuwa kelele tu. Nilipomwambia Hilaria kwamba nitaliandika hili, alinitazama, akasema, “Andika, ila usiandike kama ninalia.” Hajalia. Wenye hasira ni sisi.

Anarudi Kerende kwenye shamba la mihogo na mtama alilolima kwa miaka mingi siku za Jumamosi, pamoja na mumewe, Mwalimu mstaafu Faustino, na wajukuu ambao tayari wamekatazwa kuingia na chai sebuleni.

Dada Hilaria, asante kwa kila mashine uliyoifufua na kwa kila waya uliouchomoa. Hatukutakii ustaafu wa kukaa kimya, kwa sababu tunakujua. Tunakutakia afya njema, mvua za kutosha, wajukuu wasikivu, na hasira ile ile kila itakapohitajika.

Mwl. Nikolaus Waitara
kwa niaba ya wafanyakazi wenzako