Severin Kobelo na Ng'ombe wa Mfalme

Ndugu waombolezaji, nanyi watani wetu, niacheni kwanza nisome, vituko mtafanya baadaye. Mimi ni Bonifasi, mpwa wa marehemu.

Mjomba Severin Kobelo alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Matombo, akasoma hapo hadi darasa la saba, akapata mafunzo ya mifugo, na mwaka 1981 akaajiriwa katika kituo kimoja cha mifugo mjini Morogoro. Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na Editha hapa Nyandira, wakajaliwa Shukuru na Pendo, ambao wote wamerithi ubishi wake.

Novemba 2009 mfalme wa nchi moja ya milima ya theluji aliizawadia nchi yetu ng'ombe dume mwenye manyoya ya kugusa kwato, akaletwa kituoni, na joto la mjini tunalijua, mnyama akalala akihema, akakataa majani. Mjomba alimpakia kwenye lori bila ruhusa, akamleta huku milimani kwenye baridi, akamfunga shambani kwa wakwe. Hapo alikosea, maana Mluguru yeyote anajua ardhi ni ya ukoo wa mke, naye hakuomba. Mama mkwe wake, Bibi Semeni, alimwambia wazi kwamba mkwe asiyeomba hafungi hata kuku hapa, kisha akaenda mwenyewe kumkatia ng'ombe majani. Wakubwa wake wa kituoni walipofika na polisi, akina mama wa ukoo wakasema ng'ombe ni mgeni wao na mkwe ni mtoto wao, hatoki mtu. Baadaye balozi wa mfalme alikuja, akamkuta ng'ombe amenenepa, akafurahi mno, na mjomba akapewa kazi ya kumtunza hapa hapa, hadi ng'ombe alipokufa kwa uzee mwaka 2021. Ilikuwa miaka yake mizuri kuliko yote, na alisema hivyo kwa kila mtu.

Agosti 2024 alianza kuugua figo, akafariki tarehe 2 Februari 2025, mkewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari, majirani na wafanyakazi wenzake wa kituoni, hata wale waliokuja na polisi.

Sisi wa ukoo wake wa Matombo tulikuja kumchukua, kwa kuwa mume huzikwa kwao. Asubuhi hii Bibi Semeni, ambaye hajawahi kumbembeleza mtu, ametuomba tumwache kwenye ardhi yao. Tumebishana, tumelia, tumekubali. Katika kaburi lililokwisha kuchimbwa Matombo tutazika mgomba, maana kwa mila kaburi halifukiwi tupu. Wewe, mjomba, lala hapa kwa watu wako, upumzike kwa amani.