Mgombea Haruhusiwi Kugeuka

Benchi la nje ya duka la kunyoa lina miguu mitatu na tofali moja, na wenyewe ni wanne: Kinyozi, mwenye duka na kikohozi kisichosikia dawa; Waya, fundi redio; Breki, dereva mstaafu; na Profesa, muuza magazeti makuukuu, ambaye shule ilimshinda darasa la tano lakini maneno hayajamshinda mpaka leo. Jumatatu hiyo kahawa ilikuwapo na hakuna aliyeisifu. Siku mbili nyuma, Mkunga alikuwa ameshindwa kura za maoni za udiwani. Kwa kura tatu.

Tatu, jamani. Kinyozi alilala nazo na kuamka nazo. Mama huyo ndiye aliyempokelea watoto wake wote watano, na sasa binti yake wa mwisho ana mimba ya miezi minane. Chumba cha kujifungulia pale zahanati kina kufuli mwaka wa pili huu, na Mkunga aliapa kwamba akipata kiti, kazi yake ya kwanza ni lile kufuli. Aliyemshinda ameahidi uwanja wa mpira.

Mwanzoni nani alimpa Mkunga nafasi? Hakuwa na gari wala kipaza sauti, alikuwa na raba zake za kazini tu. Kura zilikwenda mtaa kwa mtaa, kila Jumamosi mtaa mmoja, watu wakijipanga mstari nyuma ya mgombea wao. Mtaa wa kwanza walisimama nyuma yake watu kumi na mmoja, ikawa kicheko. Wa pili, arobaini. Wa tatu, mia na sita, na kicheko kikakatika. Ukabaki mtaa wa mwisho, mtaa wao wenyewe, na benchi zima likasema hapo ni nyumbani, kwisha habari.

Sasa walikuwa wanatafuta mchawi. Breki alishikilia kwamba mshindi alileta watu kwa lori kutoka machimbo ya kokoto, na kwamba lori lenyewe alilitambua kwa mlio wa gia. Waya akaona lori ni dogo mno. Kwa maelezo yake, juu ya mnara wa simu kulifungwa mtambo wa kuwatia watu uvivu, wasitoke majumbani.

— Hata mimi asubuhi ile niliamka miguu mizito, akasema.

Hakuna aliyecheka. Profesa akaweka kikombe chini.

— Nyie mnacheza. Mstarini walisimama marehemu. Ndiyo maana wahenga wakasema, asiyekuwapo na lake halipo.

— Methali hiyo haiendi hapo, Kinyozi akasema.

— Inaenda wapi?

Kinyozi alijua inakokwenda. Jumamosi asubuhi walikuwa wamekaa hapahapa, wakibishana kama Mkunga atashinda kwa kura mia au mia mbili. Uwanja wa shule uko ng'ambo ya barabara. Walikubaliana wamalize kahawa kwanza. Kisha Breki akamimina kahawa nyingine. Kisha Waya akasema mtaa mzima uko kule, sisi wanne tutaongeza nini? Filimbi ya kufunga mistari ilipolia, Profesa alikuwa bado anafafanua. Tangu saa hiyo hakuna aliyeligusa jambo hilo, na kuangaliana usoni kukawa kazi.

Mara Mkunga mwenyewe akatokea, anatembea taratibu. Hakuwahi kukaa kwenye benchi lile. Siku zote alikuwa na haraka ya mtu fulani. Leo wakasogea kumpa nafasi, wakamwamkia, wakampa pole. Akamuuliza Kinyozi hali ya binti, akasema chumba kifunguke kisifunguke, mikono yake ipo, ingawa siku hizi inatetemeka kidogo.

— Nimekuja kuwashukuru, wanangu. Kura tatu si mbali.

— Si mbali, mama, Breki akasema, macho yakiwa kwenye vidole vyake mwenyewe.

— Mgombea haruhusiwi kugeuka, ndio utaratibu. Saa nzima nimetazama ukuta wa darasa, sijui nyuma yangu yuko nani. Nikaogopa, sitawaficha. Halafu nikasikia mtu anakohoa. Nikajisemea, huyo ni Kinyozi wangu, na wenzake wako naye. Moyo ukatulia.

Akapokea kikombe, akanywa kidogo.

— Mlisimama wapi? Karibu na mimi, au kule mwishoni?

Waya akaona kitu cha kutazama barabarani. Breki alikuwa bado na vidole vyake. Profesa alifumbua mdomo akaufumba, methali hakuna.

Kinyozi alitaka kusema. Alitaka kusema yote, tangu kahawa ya kwanza hadi filimbi, lakini kikohozi kikamwahi. Akakibana kifuani mpaka machozi yakamtoka. Mkunga akaweka kikombe pembeni, akaanza kumpapasa mgongoni.

— Pole, mwanangu, akamwambia. Kohoa tu.