Njia Iliyosafishwa Kumsubiri Mgeni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Armas Kestilä, ambaye ni Naibu Meya wa mji wetu; Mwalimu Mkuu, wahandisi mliosimama karibu na birika la kahawa, wazazi, na wenzetu mnaotetemeka:

KARIBU
Sisi wanafunzi wa Sekondari ya Koivuharju, waendesha baiskeli wa kiangazi na wa barafu, tunakukaribisha uzindue njia yetu mpya ya baiskeli. Tumefurahi kukuona. Ila tusikufiche: hata maandazi ya iliki mliyotuletea tumeyanusa kwanza. Sababu utaisikia.

HISTORIA
Zamani tulikuwa na njia pana, isiyo na mapambo. Theluji ikianguka, Dada Tuovi wa trekta alipita akiisukuma pembeni kabla ya kengele ya shule, nasi tukamfuata nyuma kama vifaranga. Kiangazi kilichopita wahandisi wakaja na mchoro wa kupendeza: miti midogo, watu wamevaa kaptula. Theluji haikuchorwa. Ikajengwa njia nyembamba, imebanwa na ukingo wa zege kushoto na kulia, na mwanzoni mwake nguzo fupi mbili, eti magari yasiingie.

MAFANIKIO
Magari hayajaingia. Trekta nalo halijaingia.

CHANGAMOTO
Siku ya theluji ya kwanza, Tuovi alifika kwenye nguzo akazima injini. Msimamizi wake akamwambia, "Pita taratibu tu, dada."

"Nipite wapi? Nilikunje trekta kama shuka?"

"Jaribu kiubavuubavu."

"Kaka, hili ni trekta, si kaa!"

Tangu hapo theluji ya barabara kuu inasukumiwa juu ya njia yetu, maana haikuachiwa pa kulala. Inaganda, nasi tunaendesha katikati ya magari. Mwezi uliopita mwenzetu Vilja aliteleza mbele ya basi. Dereva aliwahi kufunga breki, lakini bega la Vilja limevunjika, na baba yake ameifungia baiskeli stoo.

Sasa leo asubuhi tumekuta njia inang'aa kama sahani ya harusi. Nani kaisafisha? Tukafuata alama za toroli hadi nyuma ya ukumbi wa michezo. Theluji yote iko pale, na makoleo yamechomekwa juu yake, bado yana vibandiko vya dukani. Tulipomuuliza Mwalimu Mkuu, akasema, "Wanangu, kuleni maandazi." Ndipo tulipoanza kunusa.

Tena tunasikia kwamba ukiridhika leo, njia ya namna hii itajengwa mpaka darajani, ambako upepo wa mtoni hauna utani na mtu.

MAOMBI
Ukingo wa upande wa barabara uondolewe, theluji ipate kitanda chake. Upana ufuate sepeto la trekta, si penseli. Nguzo zing'olewe.

La mwisho ni dogo. Utepe tumeufunga wenyewe, kwenye nguzo zile zile mbili. Mkasi anao Vilja, na tumemkataza kuutoa. Dada Tuovi yule pale, injini inanguruma, na kiti cha pembeni amekifuta barafu. Tunaomba upande, uukate utepe kwa trekta.

Likipita, tutakuomba radhi mbele ya wazazi wetu na kukuimbia hadi darajani. Lisipopita, usishuke haraka. Kaa kidogo, utazame mbele. Hapo trekta linapokwama ndipo tunapoanzia safari ya shule, katikati ya magari, kila asubuhi.

Mungu akujalie afya, miguu yenye joto, na mkono mzito wa kutia saini michoro isiyo na theluji.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Sekondari ya Koivuharju, Kaskazini mwa Ufini.
Msomaji: Aarni Ruokola, ambaye naye ameshuka kwenye baiskeli kwa kuogopa basi.